Mkunga na wenzake tangini: dalili, vyanzo na namna ya kumchagulia samaki wa kuishi naye

Malalamiko kuhusu mkunga wa tangini yanafanana karibu yote. Kawala wenzake, kang'atwa mkia, kagoma kula, katoweka usiku. Wafugaji wengi hapa Mwanza huhitimisha kwamba mkunga ni mkali na haishi na mtu. Mimi siafiki. Ukichunguza tangi moja baada ya jingine, mara nyingi utakuta shida imeanzia kwenye mambo matatu ambayo mfugaji angeweza kuyaangalia kabla ya kununua: upana wa mdomo wa mkunga, saa anayotoka kuwinda, na mahali wenzake wanapolala. Nimepanga maelezo kwa dalili. Nenda kwenye dalili uliyonayo, lakini sehemu ya kwanza usiiruke.

Unayemfuga ni nani?

Samaki wengi warefu huuzwa kwa jina la mkunga, na kila mmoja ana wenzake wanaomfaa. Mwangalie vizuri kabla ya kumlaumu.

Mkunga wa miiba ana pua ndefu iliyochongoka, yenye kinyama kinachochezacheza mbele. Mgongoni ana safu ya miiba mifupi iliyosimama mmoja mmoja kabla ya pezi laini kuanza, na tumboni hana mapezi. Ziwa Victoria lina wake, Mastacembelus frenatus, ambaye yupo pia Ziwa Tanganyika. Ndugu zake wakubwa wanatoka Asia: Mastacembelus armatus, na Mastacembelus erythrotaenia mwenye mistari myekundu, anayeweza kufika mita moja. Hawa wote humeza windo zima. Kurarua hawawezi.

Mkunga wa mito ya pwani, wa jenasi ya Anguilla, ana mapezi mawili nyuma ya kichwa na pezi moja refu linalozunguka mkia. Yupo Pangani, Rufiji na mito mingine inayoingia Bahari ya Hindi, kwa sababu huzaliwa baharini kisha hupanda mto akiwa mdogo. Ziwa letu linamwaga maji yake Nile, kwa hiyo huku hafiki mwenyewe. Ukimwona Mwanza, ujue kuna mtu amemleta. Huyu huuma, hujisokota, na hung'oa kipande.

Mkunga wa baharini hana hata mapezi ya kifuani. Hana magamba, tundu la matamvua ni dogo na la mviringo, na hufungua na kufunga mdomo muda wote. Watu hudhani anatisha wenzake, kumbe anapumua tu.

Wapo wawili wanaochanganywa na mkunga na wanaoleta maafa makubwa kuliko wote. Kamongo ana magamba, ana mapezi manne membamba kama nyuzi, na kila baada ya muda hupanda juu kumeza hewa, maana bila hewa hufa. Kambare mdogo ana kichwa bapa na ndevu jozi nne. Kama uliyenaye ni kamongo, maswali yako yote yana jibu moja: akae peke yake. Taya zake zimeumbwa kuvunja konokono, na atakata mapezi ya samaki mkubwa kuliko yeye, pamoja na kidole chako ukizembea. Tena Protopterus aethiopicus wa ziwa hili huweza kufika mita mbili. Kambare naye hukua haraka, na kila kinachoingia mdomoni mwake, mkunga akiwemo, ni chakula.

Samaki wanapungua, na asubuhi hakuna mzoga

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi, kwa sababu vyanzo viwili tofauti kabisa huacha alama ileile. Inawezekana mkunga amewinda samaki mzima. Inawezekana pia samaki alikufa kwa maji mabaya, mkunga akala mzoga. Mkunga ana pua kali mno, na mzoga hauchukui muda mrefu kabla hajaufikia. Ukikimbilia kumwondoa mkunga wakati maji ndiyo yanayoua, utaendelea kupoteza samaki, ila safari hii utawakuta wakielea.

Hesabu samaki jioni kabla ya kuzima taa na uwahesabu tena alfajiri. Wakipotea mmoja mmoja, wakianza wadogo kisha wanaofuata kwa udogo, huo ni uwindaji. Wakipotea wengi usiku mmoja, hasa umeme ulipokatika au siku mbili baada ya kuweka chakula kingi, pima amonia (sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza) kabla ya kushuku mtu. Angalia tumbo la mkunga: aliyemeza samaki huonekana ametuna sehemu moja ya mwili, na hutulia mafichoni bila hamu ya chakula. Angalia pia sakafu nyuma ya meza ya tangi, maana furu, wale samaki wadogo wa rangi wa ziwani, akikimbizwa huruka.

Ukishathibitisha ni uwindaji, pima mdomo. Kwa mkunga wa miiba nafuata kanuni hii: kina cha mwili wa mwenzake, kutoka mgongoni hadi tumboni, kiwe angalau mara mbili ya upana wa kichwa cha mkunga. Urefu wa samaki haumlindi. Dagaa mrefu mwembamba humezwa, sato mfupi mwenye mwili mpana huachwa. Na upime kwa mkunga atakavyokuwa baadaye, maana mfugaji anayenunua mkunga mwekundu wa Asia akiwa na urefu wa kalamu hununua pia furu wa kumtosha wakati huo, kisha hushangaa mwaka unaofuata.

Kanuni hiyo haifanyi kazi kwa mkunga wa Anguilla wala kwa mikunga wa baharini wanaokula samaki. Hao wanaweza kumuuma samaki mpana, wakajikunja fundo au kujizungusha, wakaondoka na kipande. Kwa hao ukubwa wa mwenzake hupunguza majaribu lakini hauyaondoi, na shibe ya mkunga ina uzito kuliko vipimo vyote.

Lakini hata vipimo vikiwa sahihi, saa inaweza kukuangusha. Furu hushinda mchana katikati ya maji na juu ya mawe, macho wazi, wepesi. Usiku hushuka na kutulia chini, kando ya mawe na ndani ya nyufa, na hapohapo ndipo mkunga anapopita akiongozwa na pua. Mchana utaona amani, ukaamini wamezoeana. Nimeona matangi yenye furu wazuri wa visiwa vya mawe, akiwemo Pundamilia nyererei mwenye mgongo mwekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, wakiwekwa na mkunga kwa sababu rangi zao zinapendeza mbele ya mchanga mweupe. Ni samaki mdogo, hulala chini, na kumweka hapo ni kumtoa sadaka. Tafadhali usifanye hivyo.

Suluhisho la saa ni kupanga upya tangi na ratiba. Mkunga apewe upande mmoja: mchanga wa kina na bomba lake la plastiki. Marundo ya mawe yawe upande wa pili, juu kidogo, yenye nyufa nyembamba ambazo kichwa cha mkunga hakipiti. Mlishe mkunga baada ya taa kuzimwa, mlangoni mwa bomba lake, kabla hajaanza kuzunguka. Mkunga wa miiba aliyekomaa hutosheka na mara mbili au tatu kwa wiki; mdogo alishwe karibu kila siku, kidogo kidogo. Acha taa hafifu iwake kwa muda ili wenzake waone njia ya kukimbilia.

Na acha kumrushia samaki hai. Wapo wanaofurahia kumwona akiwinda, lakini samaki hai huleta vimelea tangini na kumzoesha mkunga kwamba kila kinachotikisika ni chakula. Nyungunyungu waliooshwa, uduvi wa ziwani na vipande vya minofu ya sangara vinamtosha. Dagaa wa ziwani mpe mara mojamoja tu. Ni wa ukoo mmoja na samaki wa dhahabu, na wengi wa ukoo huo wana kimeng'enya cha thiaminase kinachoharibu vitamini B1. Mkunga anayelishwa samaki wa aina hiyo peke yao kwa miezi huweza kudhoofika bila sababu inayoonekana.

Mkunga ndiye anayeumizwa

Watu wengi hawatarajii hili, na ndiyo sababu jeraha huachwa mpaka linaoza. Mkunga wa miiba, hasa wa ziwa letu ambaye si mkubwa, ni mpole kwa asiyeweza kummeza. Hana silaha zaidi ya ile miiba ya mgongoni. Wenzake wengi wanaosemwa kuwa "wanamudu mkunga" ndio wanaommaliza.

Tofautisha majeraha matatu. Kilichong'atwa kina ukingo uliokatwa au uliochanika, na karibu kila mara kiko mkiani au kwenye pezi la nyuma, sehemu inayobaki nje ya maficho. Kilichochubuka kiko puani na ubavuni, kirefu, kimetokana na kokoto kali au jiwe lenye makali wakati mkunga anajichimbia. Kilichooza kina weupe wa pamba au wekundu unaosambaa, na huja baada ya hayo mawili ya kwanza yasipotibiwa.

Kama ni kung'atwa, mshukiwa wa kwanza ni furu dume mwenye himaya. Dume akishachimba kishimo chake mchangani, kila kinachopita ni adui, na mkunga hupita kila usiku. Mshukiwa wa pili ni sato. Watu humweka kwa sababu vifaranga vyake ni rahisi kupatikana kwa wakulima wa samaki na mwili wake ni mpana. Akiwa mdogo anafaa. Akikomaa anakuwa mbabe, anachimbua mchanga wote, na mkunga anabaki hana pa kujifunika. Mshukiwa wa tatu, kwa wenye samaki wa kigeni, ni oska: hamuumi mkunga sana, lakini humnyang'anya chakula na kumsukuma hadi anyong'onyee.

Tiba ya kwanza ni bomba lenye urefu unaozidi mkunga. Bomba fupi linaacha mkia nje usiku kucha, na mkia huo ndio unaotafunwa. Kwa mkunga wa wastani, bomba la maji la inchi mbili, ncha zake zikiwa zimesuguliwa kwa msasa, linatosha. Tiba ya pili ni kuvunja himaya: toa mawe yote, yapange kwa namna nyingine, kisha rudisha samaki wote wakati mmoja, ili dume asiwe na eneo la kulinda. Asipobadilika ndani ya siku chache, mtoe yeye. Hapa sibembelezi, kwa sababu mkunga aliyejeruhiwa huacha kula, na akishaacha kula kumrudisha ni kazi kubwa.

Kama ni mchubuko, badilisha sakafu. Mchanga uwe laini, wa kumimina kati ya vidole bila kukwaruza, kina cha sentimita nane hadi kumi. Wengi hapa huuchota ufukweni, na sina tatizo na mchanga huo, ila uchemshe au uanike juani mpaka ukauke kabisa, na usilete konokono wala majani ya ziwani. Ufukwe wa Mwanza una kichocho, na konokono wake ndio wanaobeba vimelea. Maji ya ziwani nayo yaache yakae siku mbili kabla hujaingiza mkono. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye chombo wazi kwa siku nzima, pampu ya hewa ikifanya kazi.

Kuhusu dawa: mkunga hana ulinzi wa magamba makubwa, na dawa zenye shaba, fomalini au kijani cha malakaiti humuumiza kabla hazijamponya. Maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara huponya mchubuko mdogo. Jeraha likisambaa, mhamishie tangi la peke yake na umwone daktari wa mifugo anayejua samaki.

Anakataa kula, au anakonda huku akila

Mgeni kukataa chakula kwa siku kadhaa si ugonjwa. Mpe giza, mchanga, na nyungunyungu hai jioni. Mkunga wa baharini aliyeshiba anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na bado akawa mzima. Usimwangalie tumbo, angalia mgongo nyuma ya kichwa. Ukiona pamebonyea na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko shingo, ana njaa ya muda mrefu.

Chanzo cha kawaida ni ushindani. Sato, oska na gogogo (samaki mwenye miiba, nitamweleza hapa chini) humaliza chakula kabla hakijafika chini. Lisha wale wa juu kwanza, upande wa mbali, kisha peleka chakula cha mkunga kwa kibanio kirefu au kwa bomba jembamba linaloshuka hadi mlangoni pake. Domodomo huleta shida hiyohiyo kwa njia nyingine: naye anatoka usiku, anatafuta minyoo ileile mchangani, na hukua mpaka anapita uwezo wa tangi la nyumbani. Sishauri wakae pamoja.

Baridi huchangia kidogo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya ndani ya nyumba hapa hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 bila hita, lakini usiku wa Juni na Julai hupoa, hasa kwenye nyumba za milimani zenye upepo. Kipimajoto kitakuambia.

Kuna chanzo kimoja cha kusikitisha. Gymnothorax tile huuzwa kama mkunga wa maji baridi, wakati anahitaji maji yenye chumvi kadiri ya midomo ya mito. Kwenye maji matupu ya ziwa atakula vizuri kwa muda, kisha ataanza kukataa, halafu atafifia. Hapo hakuna mwenza wala chakula kitakachosaidia isipokuwa kubadilisha maji yenyewe, polepole, kwa chumvi ya bahari.

Mdomo umebaki wazi, kuna kitu kimekwama

Karibu kila mara ni gogogo. Samaki huyu ana mwiba mgongoni na mmoja kila upande wa kifua, na akishikwa huisimamisha na kuifunga isirudi. Mkunga humeza kichwa, miiba inamkwama kooni, na wote wawili wako hatarini. Usimvute kwa nguvu kuelekea nje, utachana koo. Zima taa, mwache atulie, kwani wakati mwingine humtema mwenyewe. Asipofanikiwa, mshike mkunga kwa kitambaa kilicholowa na ukate miiba inayoonekana kwa koleo kali, kisha umlegeze taratibu.

Gogogo mkubwa asiyeingia mdomoni anaishi vizuri na mkunga wa miiba, mradi kila mmoja awe na maficho yake. Mdogo usimweke hata kidogo.

Samaki wote wanahema juu ya maji

Hili halihusu ukali. Mlaji nyama huchafua maji kuliko walaji majani, na nyama iliyoangukia mchangani huoza bila kuonekana. Maji yetu yana asili ya alkali, yaani kinyume cha tindikali, na kwenye maji ya namna hiyo amonia huwa sumu zaidi. Lengo ni amonia sifuri na naitraiti sifuri, na naitreti (hizi mbili hutokana na amonia inapovunjwa na bakteria) isipande zaidi ya miligramu 40 kwa lita. Ukikuta amonia, badilisha theluthi moja ya maji leo na theluthi nyingine kesho, na usilishe.

Umeme ukikatika, usiweke chakula mpaka urudi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kifaa ambacho kila mwenye mkunga anapaswa kuwa nacho. Chujio lililofungwa likikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake hufa. Lisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, la sivyo uchafu wote utarudi kwa samaki.

Mkunga hayupo kabisa

Tafuta mchangani kwanza, kisha sakafuni. Hupita kwenye tundu la waya wa pampu. Kifuniko kiwe na uzito juu yake, na kila tundu lizibwe kwa sifongo. Ukimkuta sakafuni bado ana ute, mrudishe majini kwa mikono iliyolowa. Ngozi yenye ute humpa muda zaidi ya samaki wengine.

Mikunga wawili hawaelewani

Wa miiba wa spishi moja hugombana nafasi ikiwa finyu. Wawekwe pamoja siku moja, wakiwa na ukubwa unaokaribiana, na mabomba yawe mengi kuliko mikunga. Kamongo wawili, kamwe.

Kwa wenye tangi la maji ya bahari

Wapo wachache hapa, na nawaheshimu, maana bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapa na kila gramu ya chumvi maalumu hununuliwa. Chumvi ya jikoni haitafaa. Inahitajika takriban gramu 35 kwa lita, na maji yanayopungua kwa mvuke hujaziwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Dalili ya huku ni kaa na kamba kutoweka. Angalia meno. Echidna nebulosa, mkunga wa madoa meupe na meusi, ana meno butu ya kuvunja magamba. Kaa na kamba ni chakula chake, samaki wengi wa wastani huwaacha. Wa jenasi ya Gymnothorax wengi wana meno ya sindano, na hao hutafuta samaki. Ukishajua hilo, nusu ya uchaguzi imekwisha: kwa Echidna ondoa kaa na kamba, kwa Gymnothorax ondoa samaki wadogo na wembamba wote.

Kinachowashangaza watu ni jinsi samaki anavyozama kooni bila mkunga kufyonza maji. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza katika jarida la Nature kwamba mkunga wa baharini ana taya la pili kooni, linalosonga mbele, kumshika samaki na kumvuta ndani. Kwa mfugaji maana yake ni hii: samaki aliyeshikwa kichwani hana nafasi ya kuponyoka, na taya lile lile linaweza kushika kidole. Mlishe kwa kibanio kirefu, daima. Macho yake ni dhaifu, na mkono unaonuka ngisi kwake ni ngisi.

Wenzake wanaofaa ni kangaja wakubwa, na chewa asiye na mdomo wa kummeza mkunga wala mwili wa kumezwa naye. Kikande na bunju ni wa kuangalia kwa makini, kwa sababu wana tabia ya kuuma mikia. Gymnothorax favagineus anaweza kufika karibu mita tatu. Huyo mwache baharini.

Tangi lipi, na nani aingie kwanza

Kwa mkunga wa miiba wa ziwa letu, anzia lita 200 na gogogo mmoja mkubwa au sato wachache wanaoondolewa wakikomaa. Kwa mwekundu wa Asia, fikiria tangi la urefu wa mita 1.8 au zaidi, na samaki wapana, watulivu, wanaoogelea juu. Samaki wa dhahabu asiwekwe, ni mzito wa kukimbia. Sangara mdogo asiwekwe na yeyote. Ningu usimtafute ziwani kwa ajili ya tangi, maana Labeo victorianus yuko katika hatari kubwa ya kutoweka na kila mmoja aliyebaki anahitajika mtoni.

Mkunga aingie wa mwisho, wenzake wakiwa wameshazoea maficho yao, isipokuwa wenzake ni furu dume; hapo mkunga atangulie.

Ikishindikana

Kuna matangi yasiyopatanika, na kuwatenganisha ndiyo tiba. Kitu kimoja nakuomba kwa moyo wote: usimpeleke mkunga wa kigeni ziwani. Sangara aliingizwa humu miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 kikundi cha Frans Witte kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, kilichokuwa kikifanya kazi na wenyeji katika Ghuba ya Mwanza, kilishuhudia furu wakipungua kwenye nyavu mpaka aina nyingi hazikuonekana tena. Mlaji samaki kutoka Asia, anayechimba mchanga na kutoka usiku, hatumjui angefanya nini huku. Hata mkunga wa ziwani aliyekaa tangini na samaki wa dukani asirudishwe, kwa ajili ya magonjwa aliyoyachukua.

Mtafutie mfugaji mwenye tangi kubwa, au uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya yako. Atakayempokea mpe bomba lake alilolizoea, mwambie urefu wake wa sasa, anachokula na saa anayokula, na umtajie kila samaki aliyeshindwa kukaa naye.